Simu ya Zamani Ndani ya Ndoo, au AudioMoth?

Kuanzia Septemba ndege waitwao sululu huteremka pwani yetu ya Mombasa wakitoka kaskazini, na wengi husafiri usiku. Kunasa milio yao kwa gharama nafuu kuna njia mbili.

AudioMoth ni kinasa sauti kidogo kama kiberiti, kinachotumia betri tatu za AA. Unakipangia saa, unakiacha kifanye kazi. Kikipima sauti mara 32,000 kwa sekunde, saa kumi hula takriban GB 2.3 za kadi ya kumbukumbu. Ila lazima ukiagize ng'ambo, na husikia pande zote: tuktuk za mtaa wa Majengo zinaingia zote.

Kwa mkaazi wa mjini, mimi nachagua simu ya zamani yenye maikrofoni ndogo ya kubana. Iweke maikrofoni chini ndani ya ndoo ya plastiki, mdomo wa ndoo uelekee juu, funika kwa nailoni nyembamba uivute ikaze, kisha pandisha juu ya paa. Kuta za ndoo hupunguza kelele za barabarani. Nailoni huzuia umande na chumvi. Zima kabisa kipengele cha kusafisha kelele, maana hufuta milio hafifu, na hiyo ndiyo tunayoikeshea! Kasoro ni chaji: vuta waya wa umeme.

Kwenye mikoko ya Tudor, pasipo umeme, AudioMoth haina mpinzani. Ivishe tu kasha lisilopitisha maji.