Filodendroni ya mahameli: nguzo ya nyuzi za nazi au ubao?

Philodendron melanochrysum, mmea adimu wa Kolombia, hautoi majani makubwa usipokwea juu ya tegemeo. Nguzo ya nyuzi za nazi ndiyo inayoukuza vizuri zaidi, kwa kuwa mizizi ya hewani huzama ndani na kunywa. Ila hapa Lubumbashi, ambako kiangazi hushika tangu Mei hadi Septemba, hukauka upesi, na ncha za mizizi hugeuka kahawia bomba lisipotoa maji. Nyuzi zenyewe huoza hatimaye. Ubao usiorandwa, masalio ya seremala, ni wa bei ndogo na hudumu. Mizizi huung'ang'ania, japo haiunyonyi maji. Msafiri achague ubao. Anayeshinda nyumbani, mwenye pipa la akiba, anaweza kuimudu nguzo.