Baiskeli ya shokapu ya mbele tu Dodoma: miaka miwili, na hela niliyoanza kuitumia kwenye matairi

Nilinunua baiskeli yangu ya mtumba kwa shilingi 380,000: fremu ya alumini, magurudumu ya inchi 29, gia 21, breki za diski za waya, shokapu mbele, nyuma hakuna. Ina miaka miwili sasa. Karibu kila Jumamosi alfajiri natoka nayo Ipagala, napita nyuma ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hadi Ng'ong'ona, au napanda Ntyuka na kushika njia za ng'ombe kuelekea Mvumi. Naandika haya kwa kuwa watu watatu wameniuliza waanze kubadilisha nini, na wote walishaanza kudunduliza hela ya shokapu mpya.

Usianze na shokapu. Anza na matairi.

Aliyekaa Dodoma anaijua mbigili. Mvua ikishakatika na majani kukauka, zile mbegu zake zenye pembe zinabaki zimetapakaa njiani, na hata mbegu ianguke vipi, mwiba mmoja lazima utazame juu. Ongeza miiba ya migunga. Mwezi wa sita wa mwaka wangu wa kwanza nilibandika viraka 11 kwenye tyubu mbili. Siku moja solusheni iliniishia katikati ya pori, nikasukuma baiskeli saa mbili nzima juani.

Ndipo nikaamua kutoa tyubu kabisa. Nilinunua matairi ya upana wa inchi 2.35 (pima kwanza fremu yako, kidole kipite pande zote mbili za tairi), utepe wa kuziba matundu ya njiti kwenye rimu, valvu maalumu, na chupa ya ile dawa nyeupe inayotokana na utomvu wa mpira. Kila tairi nilitia kama mililita 100. Kazi ngumu ni kulikalisha tairi kwenye rimu, kwani pampu ya mkono haitoi upepo wa kutosha kwa mkupuo mmoja. Nilikwenda kwa fundi pancha wa magari mwenye kompresa, na kikofia cha shaba cha kuvalisha valvu nyembamba ili bomba lake lishike. Akaniuliza, "Kaka, bila tyubu hii itakaa na upepo kweli?" Tairi likalia pa! pa! likakaa. Akalizungusha na kulisikiliza kwa sikio, akaita vijana wake waje waone.

Wiki iliyofuata nilirudi Ng'ong'ona nikachomoa mbigili tisa kwenye tairi la nyuma. Kila nilipochomoa mmoja, kitone cheupe kilichomoza, kikafuka kidogo, nikazungusha gurudumu, kikanyamaza. Nilifika nyumbani bila kushika pampu. Kwa ukavu wa hapa dawa hukauka haraka, kwa hiyo naongeza kila baada ya miezi miwili.

Kuna faida nyingine ambayo sikuitarajia. Nikiwa na tyubu nililazimika kujaza upepo wa PSI 40 na zaidi, la sivyo tyubu inabanwa na rimu kwenye jiwe na kupasuka. Sasa mbele naweka 24 na nyuma 27, kwa uzito wangu wa kilo 74. Tairi limelainika, linapita mchanga wa makorongo bila kuzama, na kwenye mawe ya Ntyuka mgongo haunigongi kama zamani.

Breki zilifuata. Zile za waya zilinifanya nishuke Ntyuka vidole vikiwa vimekufa ganzi. Nikafunga za mafuta za Shimano, na sasa kidole kimoja kinatosha. Za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Fundi asikutilie ya breki za gari, yataharibu mipira ya ndani.

Kwenye gia ndiko nilikoumia. Muuzaji wa vipuri alinihakikishia kwamba seti ya gia za nyuma ya meno 11 hadi 42 inaingia baiskeli yoyote. Haikuingia. Gurudumu langu lilikuwa la friwili ya kuskurubu, na seti hiyo inataka habu (kitovu cha gurudumu) ya aina nyingine. Alikataa kuirudisha, ikabidi ninunue gurudumu zima la nyuma. Kabla hujalipa, fungua gurudumu, lipige picha, mpelekee muuzaji. Matokeo yake nimeyapenda hata hivyo: spoketi moja mbele ya meno 32, tisa nyuma, na cheni haijadondoka tena.

Kwa cheni, acha oili. Vumbi letu jekundu likichanganyika na oili linakuwa msasa. Ninaiosha cheni kwa petroli hadi ing'ae, naikausha, kisha naitumbukiza kwenye nta ya mishumaa niliyoyeyusha kwa sufuria ndani ya maji ya moto, mbali na petroli. Ikipoa inakakamaa kama fimbo. Unaikunja kiungo kwa kiungo mpaka ilegee. Vumbi haliigandi. Ndiyo maana pia siitamani baiskeli yenye shokapu nyuma: ile ina maungio na bearingi nyingi za kulishwa mchanga.

Na shokapu ya mbele? Ni ileile ya springi, inayobonyea milimita 100. Fundi aliifungua, akatoa matope ya grisi nyeusi, akapaka mpya, inacheza vizuri. Shokapu nzuri za upepo nilizoziona nyingi zina bomba linalopanuka chini, na shingo ya fremu yangu ni nyembamba moja kwa moja. Halafu zinataka ekseli ya milimita 15 wakati gurudumu langu la mbele ni la 9. Hela hiyo nimeiweka kwa ajili ya nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe. Nguzo yangu nimeipima, ni milimita 27.2, na safari hii picha nimeshampelekea muuzaji.