Diski ya kutunzia picha na kazi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ukiwa na hela ya diski moja ya bei, nunua mbili za kawaida. Kila diski itakufa, na chapa nzuri huchelewesha tu siku hiyo. Backblaze, kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data mtandaoni, ambayo imekuwa ikitoa takwimu za diski zake tangu 2013, miaka ya karibuni hupoteza kati ya asilimia 1 na 2 ya diski kwa mwaka, tena kwenye vyumba vya baridi na umeme wa uhakika.

1. Diski mbili za inchi 3.5 pamoja na kasha la USB. Chagua Seagate IronWolf au WD Red Plus, TB 4 kila moja. Waranti ni miaka 3. Zote hutumia CMR, yaani njia za data hupangwa kando kando bila kulaliana. Katika aina nyingine, SMR, njia za data hulaliana kama vigae vya paa, kwa hiyo kubadilisha kipande kimoja hulazimu kuandika upya vya jirani, na kasi huanguka. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya WD Red za TB 2 hadi 6 zilikuwa SMR, basi soma namba ya modeli, usiishie kwenye rangi ya lebo. Faida kubwa ni hii: kasha au adapta ya volti 12 ikiungua, unachomoa diski na kuichomeka kwenye kasha jingine.

2. Diski mbili ndogo za inchi 2.5. Ni nafuu na hazihitaji adapta. Ila nyingi zina tundu la USB lililolehemiwa kwenye bodi yenyewe. Tundu likilegea huna pa kuhamia. Zinazoangushwa zikiwa zinazunguka ndizo hujaa kwa mafundi.

3. SSD ya nje. Kwa safari haina mpinzani. Kwa kabati haifai: hutunza data kwa chaji ya umeme, na ikikaa muda mrefu bila kuchomekwa, chaji hupungua, hasa kwenye joto. Chipu yake ya kuongoza (controller) ikifa, mara nyingi haitoi hata dalili.

4. Mtumba. Iwe nakala ya tatu, si ya kwanza. Saa za kazi husomwa kwenye namba 9 ya SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe (mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760), lakini zinaweza kufutwa. Kwa Seagate linganisha na kumbukumbu yake nyingine, FARM, kwa amri ya Linux `smartctl -l farm /dev/sdb` (`/dev/sdb` ni jina la diski yako kwenye Linux; hakikisha ndiyo). Namba zikipishana sana, mrudishie muuzaji.

SSD ya "TB 16" isiyo na jina kwa bei ya chakula cha mchana haina hata nafasi kwenye orodha. Ndani huwa na kadi ndogo iliyodanganywa ukubwa, na faili mpya huandikwa juu ya za zamani.

Kabla risiti haijaisha muda, jaza diski yote kwa H2testw, programu ya Windows inayoandika kisha kusoma kuhakiki (kwenye Linux ni F3). TB 4 kwa MB 150 kwa sekunde huchukua saa saba na nusu kuandika, na karibu hizo hizo kusoma. Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma SMART: mistari 05, C5 na C6 iwe sifuri kwenye safu ya Raw Values. C5 ikipanda, kuna sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma; toa data siku hiyo hiyo.

Ikikwama lakini bado inaonekana, usianze na `chkdsk /f`, amri ya Windows ya kurekebisha diski, maana huandika kwenye diski inayokufa. Kwanza nakili kinachosomeka kwa programu ya Linux: `ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img ramani.map`, faili zote mbili zikienda kwenye diski nyingine. Kisha rudia ukiweka `-r3` badala ya `-n`. Ikigonga tak-tak-tak, chomoa umeme. Usiiwashe tena "kujaribu tu", usiitie kwenye friza, usiifungue: kichwa cha kusomea kilichovunjika hukwaruza sahani zenye data kila mzunguko, na penye mkwaruzo hakuna fundi atakayesoma kitu.