Taarifa za halmashauri huku vijijini: tovuti nyota 2, mtendaji wetu nyota 4 na nusu

Watu wanatoa rivyu za simu, hoteli na mabasi ya mikoani, mimi leo nataka kutoa rivyu ya huduma ambayo wote tunailipia kwa ushuru na kodi ila hakuna anayekaa chini kuipima, nayo ni jinsi halmashauri ya wilaya inavyotupa habari sisi wa vijijini. Jina la wilaya naliacha, sina nia ya kumharibia mtu kazi. Ni wilaya ya wakulima wa mahindi na maharage huku nyanda za juu kusini, makao makuu yako mbali, unapanda bodaboda mpaka barabarani halafu kosta, ukienda kuuliza jambo moja tu siku yote imekwisha. Kwa hiyo kwetu taarifa sio mapambo. Kipimo changu ni kimoja: je imenifikia wakati bado naweza kufanya kitu?

Naanza na tovuti. Mwaka 2017 halmashauri zote nchini zilizinduliwa tovuti zenye muundo mmoja, ukishaijua moja umezijua zote, juu kuna Mwanzo, Kuhusu Sisi, Utawala, Madiwani, Miradi, Machapisho, pembeni Matangazo na Habari Mpya. Wazo ni zuri sana na nalisema kwa dhati, maana zamani hata jina la afisa wa idara fulani ulikuwa hulijui mpaka uende. Tatizo ni kinachowekwa humo ndani. Ukifungua ya kwetu picha za ziara za viongozi ziko nyingi, kiongozi anakagua, kiongozi anasisitiza, kiongozi anapongeza, halafu ukitafuta bei elekezi ya mbolea kwa kata yako huipati. Yaani habari imeandikwa kuanzia kwa mgeni rasmi, mradi wenyewe umegharimu kiasi gani na utakwisha lini unakutana nao aya ya mwisho kama upo. Na matangazo yenyewe ni karatasi imeskaniwa imelala upande, pidiefu nzito, ukiifungua kwenye simu ya laki moja na bando la jero inazunguka tu mpaka unakata tamaa.

Nitoe mfano ulioniuma. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Akina mama wa kikundi cha hapa jirani, wanafuga kuku na wanauza mayai mpaka mjini, walikuwa wanaisubiri kwa hamu, katiba ya kikundi wanayo, akaunti wanayo. Tangazo lilikuwa kwenye tovuti, kweli lilikuwepo, ila huku kijijini lilifika kwa mdomo wakati dirisha limeshafungwa. Alileta habari kijana wa mmoja wao anayesoma chuo, yeye aliliona kwa bahati tu akitafuta mambo yake. Sasa mtu wa halmashauri akiulizwa atasema tulitangaza, na hadanganyi. Lakini kutangaza na kufikisha ni vitu viwili na wale mama wamekosa msimu mzima. Tovuti naipa nyota 2, hizo mbili ni kwa sababu fomu na bajeti ukivumilia unazikuta, na ukiwa na kijana mwenye simu nzuri atakuchapishia.

Grupu la WhatsApp la kata. Hili lilianzishwa kwa nia njema, mtendaji wa kata ni admini, diwani yumo, afisa ugani yumo, wenyeviti wa vijiji na vitongoji wamo pamoja na wananchi wengi. Taarifa inafika haraka kuliko kitu kingine chochote, mvua ikibomoa kalavati asubuhi mchana picha ipo. Ila inafika halafu inazama. Saa mbili usiku limewekwa tangazo la kuhuisha taarifa za wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, saa tatu zimeshaingia salamu za usiku mwema, video za mahubiri, rambirambi na ubishi wa siasa, asubuhi mtu aliyetoka shamba anakuta meseji mia na kitu anafuta zote. Na hii ya mbolea sio ya kuchezea jamani, ule utaratibu ulioanza msimu wa 2022/23 unataka mkulima awe amesajiliwa kijijini na namba yake ya simu iwe sahihi, ukibadilisha laini hujasema basi ukifika kwa wakala mfumo haukutambui, na msimu ule wa kwanza mfuko wa kilo 50 wa DAP au UREA ulikuwa 70,000 kwa ruzuku wakati nje ya ruzuku ni zaidi ya hapo kwa mbali. Mtu anakosa hivyo kwa sababu tangazo limefunikwa na picha ya maua! Dawa yake ni rahisi, kuwe na grupu la pili la matangazo tu ambalo admini peke yake ndo anaandika, nimeshalisema hili kwa mtendaji wa kata na amelikubali ila bado. Nyota 3.

Halafu tusisahau wazee wengi huku wana kitochi. Grupu kwao halipo. Kwa hao kinachofanya kazi ni mgambo na spika juu ya bodaboda, na hapa natoa heshima zangu zote. Wakati wa kampeni ya chanjo ya watoto alipita jioni watu wameshatoka mashambani, anasimama kwenye kisima, kwenye kilabu, kwenye duka, anasema siku, saa, mahali, umri wa mtoto, anarudia mara mbili anaondoka. Nyota 4. Akipita saa nne asubuhi hiyo nyota inashuka mpaka 1, maana anawatangazia kuku.

Redio jamii ya wilaya nayo nzuri pale anapokuja mtaalamu mwenyewe, mtu wa ardhi au wa mifugo, na simu za wasikilizaji zinapokelewa. Akija kusoma hotuba nazima.

Sasa nije kwa mtendaji wetu wa kijijini ambaye ndo sababu ya kuandika yote haya.

Ofisi ya kijiji ina ubao wa matangazo wa mbao, una kifuniko cha wavu wa kuku na kikufuli. Miaka iliyopita ulikuwa makaburi ya karatasi, tangazo la chanjo ya ng'ombe ya mwaka juzi limepauka wino umeisha, juu yake limebandikwa lingine, juu yake mwaliko wa harusi. Huyu mtendaji alipohamia aling'oa kila kitu. Akaugawa kwa chaki ya rangi sehemu tatu: YENYE TAREHE, HELA ZA KIJIJI, KUJUA TU. Tangazo lenye tarehe likipita tarehe yake anatoa siku hiyohiyo. Barua ikitoka wilayani yenye kurasa nne za lugha ya kiofisi yeye haibandiki tu, anachukua manila na makapeni anaandika kwa herufi kubwa mambo manne: ni nini, kinamhusu nani, mwisho lini, uje na nini. Barua yenyewe anaibandika chini kwa anayetaka kusoma yote. Kisha anapiga picha ile manila, SIO ile barua, anawatumia wenyeviti wa vitongoji nao wanapita nyumba kwa nyumba au wanasema kanisani na msikitini.

Faida yake niliiona kwenye ushuru wa mazao. Tangu bajeti ya 2017/18 ushuru ulishuka kutoka asilimia 5 kuwa 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mazao yasiyozidi tani 1 kuvushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine yalisamehewa. Hii ni habari ya miaka mingi lakini ulizia vijijini wangapi wanaijua. Yeye aliiandika kwenye manila, akafafanua tani 1 ni gunia kumi za kilo mia. Jirani yangu akipeleka gunia zake sita za maharage wilaya ya pili akasimamishwa getini, kijana wa pale anadai alipie, mama akatoa simu akaonyesha picha ya manila yenye muhuri wa kijiji. Kijana akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi akafungua geti. Hakuna ugomvi, hakuna kupiga simu kwa mjomba fulani.

Na mkutano mkuu wa kijiji. Hapa ndo pa kukaa kidogo. Kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unatakiwa uitishwe kila miezi 3, sio hisani ya mwenyekiti. Huko nyuma kwetu ulikuwa unaitishwa kukiwa na mchango wa kudai. Sasa hivi unafanyika na mapato na matumizi yanasomwa mstari kwa mstari, yakishasomwa yanabandikwa kwenye ile sehemu ya HELA. Mkutano uliopita ilisomwa mchanga tripu 4 za darasa, mzee mmoja akasimama akasema mimi napita pale kila siku nimeona marundo mawili, mengine yako wapi. Zamani angeambiwa akae chini. Mtendaji akamwita fundi mbele ya watu, fundi akaeleza tripu mbili zilishushwa nyuma kwenye vyoo vya wasichana, wakateuliwa watu watatu kwenda kuangalia palepale wakati mkutano unaendelea, wakarudi wakasema kweli. Ikaandikwa kwenye muhtasari. Siku ile watu walichangia bati bila kufukuzana na mgambo, na hiyo ndo tofauti ninayoisema kila siku, mtu akijua hela yake imeenda wapi hasumbui.

Nusu nyota namkata kwa kuwa ofisi inafungwa jumamosi ambayo ndo siku ya gulio, watu wote wanapita pale, ubao wenyewe wanausoma ila wa kumuuliza hayupo.

Kwa wenye kutaka kulalamika au kuuliza wilayani bila nauli, *152*00# ni ya huduma za serikali kwa simu yoyote hata kitochi, humo kuna e-Mrejesho unaweza kutuma lalamiko, pongezi au ulizo. Na ukitaka taarifa rasmi, mfano mkataba wa kisima au hela za shule, andika barua kwa mkurugenzi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, anatakiwa akujibu ndani ya siku 30. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Halmashauri ikinisoma naomba kitu kimoja, ile manila ya mambo manne itoke wilayani ikiwa tayari imeandikwa hivyo, kila kijiji kisihitaji kubahatika kupata mtendaji kama wetu, maana nchi ina vijiji zaidi ya elfu 12. Na wa wilaya nyingine, kwenu habari za halmashauri zinafikaje, na ni nani anazileta?