Baraza la usuluhishi wa ndoa la kata: fomu zimeisha, kavumilie mama

Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kusubiri zipoe. Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi yangu kubwa ni migogoro ya ndoa na matunzo ya watoto. Mteja halipi kitu, ndivyo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inavyotaka, na kazi naipenda. Kinachonitoa roho ni baraza la usuluhishi wa ndoa la kata moja ambayo sitaitaja, hasa katibu wake.

Kwa asiyejua: Tanzania huendi tu mahakamani kudai talaka. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinataka mgogoro upite kwanza barazani. Baraza likishindwa kupatanisha, linatoa hati, ile ambayo wengi tunaiita Fomu Namba 3. Mabaraza ya dini yapo pia, lakini mteja wangu na mumewe ni wa dini mbili tofauti, walifunga ndoa ya serikali. Kwao ilikuwa kata au basi.

Mama huyu ana watoto wanne. Mume kahamia kwa mwanamke mwingine, haulizi chakula wala sare za shule. Siku ya kikao niliingia naye. Katibu akaniangalia juu mpaka chini.

"Wewe ni nani yake?"

Nikajitambulisha, nikatoa kitambulisho.

"Mawakili hawaruhusiwi hapa."

Nikamweleza kwa heshima zote kwamba mimi si wakili, na kwamba hata mtu asiye ndugu anaweza kusimama na mhusika baraza likiridhia, kwa hiyo naomba ridhaa ya mwenyekiti. Mwenyekiti hata hajafungua mdomo, katibu kashajibu: "Nyie ndio mnaovunja ndoa za watu. Toka nje."

Nikakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha lisilo na kioo, nikasikia kila kitu. Mama wa watu anaulizwa kama anapika kwa wakati. Anaulizwa mara ya mwisho kulala na mumewe ilikuwa lini, mbele ya wanaume atakaopishana nao kesho njiani. Akagusia nyumba, katibu akamkata: "Nyumba kajenga mwenzio, wewe ulileta tofali ngapi?" Kwanza baraza halina mamlaka ya kugawa mali. Pili, tangu 1983, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mtu amekalia kiti cha usuluhishi na hilo halijui, au analijua na anamtisha mama makusudi. Sijui lipi baya zaidi.

Na mume? Hakuwepo. Katibu alimpigia kwa simu yake mwenyewe, akaambiwa yuko mbali, yakaishia hapo. Sheria inasema mlalamikiwa akiitwa barazani akakaidi kwa makusudi, mwenzake hafungwi tena na sharti la hati. Lakini utamthibitishia vipi hakimu kwamba mtu aliitwa, wakati hakuna wito wa maandishi wala nakala? Kikao kikaahirishwa mpaka baada ya mavuno. Kikaahirishwa tena. Kila safari mama anaambiwa, "Kavumilie, ndoa ni kuvumilia."

Mwisho wakampa karatasi. Nusu karatasi, imechanwa kwa mkono, ukingo mmoja umechakaa. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Baraza limeshindwa, waende mahakamani." Muhuri umegongwa mshazari juu ya maandishi. Haina tarehe, wala haisemi baraza limebaini nini, na hati halali lazima ionyeshe hayo. Tarehe nayo si urembo, kwa sababu hati ikizidi miezi sita kabla ya kufungua shauri haifai tena. Nilimwambia katibu palepale. Akajibu fomu zimeisha, na muhuri ni muhuri.

Karatasi hiyo tukaipeleka Mahakama ya Mwanzo, maana ndiyo pekee tuliyopewa. Hakimu akaisoma, akaigeuza nyuma, akaliondoa shauri. Simlaumu hata kidogo. Angeendelea, talaka ingekuja kubatilishwa kwenye rufaa, mama aanze upya miaka mingi baadaye. Mama alilia kwenye korido ya mahakama kilio cha kimyakimya, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Nilishaamua kuandika kwamba mabaraza haya hayana maana, yafutwe. Siwezi tena kuandika hivyo. Tuliporudi barazani, katibu alikuwa likizo, kikao kikaongozwa na mama mmoja mjumbe, mwalimu mstaafu. Akavuta droo ya meza ileile, akatoa bunda la fomu. Fomu zilikuwepo siku zote! Akaandika wito nakala mbili, balozi wa nyumba kumi akaupeleka, mume akasaini. Na akaja. Yule mwalimu aliwasikiliza mmoja mmoja kwanza, kisha wote pamoja, bila kumuuliza mtu habari za kitandani. Mimi aliniambia, "Kaa hapo mwanangu, ila usiongee mpaka nikuulize," nikakaa. Kupatana hawakupatana, ila mume alikubali mbele ya wajumbe kutuma hela ya watoto wakati shauri likiendelea, na ametuma. Hati ikajazwa mchana uleule: nani alisema nini, baraza limeona nini, tarehe, sahihi, muhuri.

Sasa nimpe nani alama? Huduma ile ya mwalimu ni bora kuliko chochote nilichowahi kuona kwenye kazi hii, na ningemshauri kila mwenye mgogoro aende kwake kabla hajamfikiria wakili. Ndio maana hasira zangu zimezidi badala ya kupungua. Kumbe kazi inafanyika mchana mmoja! Miezi yote ile mama alizungushwa, watoto wakafukuzwa shule kwa michango, kwa sababu mtu mmoja aliamua kukalia fomu.

Ukienda, dai wito wa maandishi na ubaki na nakala. Usitoke na karatasi isiyo na tarehe wala maelezo ya walichobaini, hata wakikufokea.

Shauri la mama limepokelewa, lina tarehe. Katibu amerudi kazini. Juzi nimempeleka mteja mwingine, akatuambia fomu zimeisha. Nikamwomba afungue droo.