Lushoto hadi Mtae kwa siku moja: vesti naisifu, jeli sitaki hata kuziona

Njia hii ya milima ya Usambara watalii huitembea kwa siku tatu, wakilala Lukozi na Rangwi. Sisi wanne tuliikimbia kwa siku moja, Januari. Saa yangu ilisoma kilomita 53, nikatumia saa kumi na dakika kumi. Hakukuwa na waandaaji, namba kifuani wala medali. Rafiki yetu mmoja alitufuata na bodaboda na kutungojea kila njia ilipokutana na barabara. Mimi ni mtu wa Dar, mazoezi yangu ni lami ya Masaki na ngazi za ghorofa ninapofanyia kazi. Marathoni nilishamaliza mbili, lakini kupita kilomita 42 ilikuwa mara ya kwanza.

Nianze na vesti ya maji, maana ndiyo mnayoniulizia. Shilingi 180,000, nafasi ya mizigo ya lita tano, na chupa mbili laini za nusu lita kifuani. Mke wangu aliposikia bei aliguna tu. Sijutii. Inakaa mwilini kama kizibao, haidundi mgongoni kama begi, na unakula na kunywa bila kusimama. Ndani niliweka koti la mvua, tochi ya kichwani, simu na plasta. Msitu wa Magamba alfajiri una ukungu na baridi ya kung'ata, bila lile koti ningegeuka. Vesti yenyewe haina kosa, kosa ni langu: mafuta ya mgando nilipaka mapajani nikasahau kwapani, mshono ukanichubua. Jioni maji ya kuoga yalipogusa pale nilipiga ukelele, mhudumu wa gesti akaja kugonga mlango.

Viatu ni mtumba wa soko la Karume, soli yenye meno ya milimita tano hivi. Kwenye udongo mwekundu uliolowa vilishika barabara. Mwenzangu aliyekuja na viatu vya lami alikalia matope mara tatu. Tatizo ni saizi. Navaa 42, nikanunua 42. Baada ya saa nne mguu umevimba, na kila mteremko kidole gumba kinagonga mbele. Kucha mbili zimekuwa nyeusi, moja ilitoka Jumapili. Chukueni saizi iliyozidi kidogo, mkaze kamba.

Sasa jeli, ule uji mzito mtamu wa pakiti wanaokula wakimbiaji kupata nguvu. Nilinunua 14, shilingi 9,000 kila moja, ina gramu 22 za wanga. Hesabu zangu zilikuwa nzuri kwenye karatasi: wakimbiaji wa masafa hushauriwa kula gramu 30 hadi 60 kwa saa, basi jeli moja kila dakika arobaini na tende katikati. Ya kwanza tamu, ya tatu inavumilika, ya sita naimeza nimefumba macho. Ya nane, kilomita ya 31, ilirudi na wenzake wote. Kosa nusu ni langu. Mazoezini sikuwahi kuzidisha mbili, na siku hiyo niliyabania maji nikihofia hayatafika kituo kinachofuata. Jeli ni nzito, bila maji ya kutosha inakaa tumboni na kuvuta maji ya mwili, wakati damu nyingi imeshakwenda miguuni.

Nikaingiwa na ujinga mwingine: kufika ilipokuwa bodaboda nikaanza kugida maji matupu. Aliyenizuia ni yule rafiki yetu. Jasho linatoka na chumvi, ukifidia kwa maji peke yake sodiamu kwenye damu inashuka, na hiyo imeshaua wakimbiaji. Akatoa pakiti ya ORS, ile ile ya watoto wanaoharisha, ya shilingi 500. Pakiti moja ni ya lita moja, tukaigawa kwenye zile chupa mbili. Ina ladha ya machozi. Ilikaa tumboni.

Kabla ya Rangwi tulimkuta mama mmoja anachemsha viazi kando ya shamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona mbio hivyo, mmefiwa?"

Tulipomweleza alicheka mpaka akashika kiuno. Akatupa viazi vinne vya moto, na chumvi kwenye kipande cha jani la mgomba, pesa akakataa. Nilikula kimoja na ganda lake nimesimama, chumvi inatonesha midomo iliyopasuka, na kama dakika ishirini baadaye nikajiona nakimbia tena mlimani. Kuanzia hapo hadi Mtae nilikwenda kwa viazi na ORS, na kashata mbili nilizozisahau mfukoni.

Nikirudi mwaka ujao nitabeba viazi kwenye mfuko tangu Lushoto, na jeli mbili tu za kilomita za mwisho. Sita zilizobaki ziko kwenye droo hapa kwangu Kinondoni. Anayezitaka aje achukue, bure.