Hekalu la Meenakshi, Madurai: nenda jioni, usiondoke mapema

Kwa ndugu zangu mnaopeleka wagonjwa kusini mwa India: ikiwa hospitali yenu iko Madurai, hekalu hili la mungu wa kike Meenakshi msiliache. Mimi nilimpeleka mama kutibiwa macho, na kila alipopumzika jioni nilikuwa huko.

Mchana sikushauri. Milango hufungwa kuanzia saa sita na nusu hivi hadi saa kumi, na ukikutwa nje saa hizo wenye maduka watakuita upande darini kwao kutazama minara. Mandhari ni nzuri kweli, lakini njia ya kushukia inapita katikati ya bidhaa na utabembelezwa mpaka uchoke.

Kabla ya kuingia unavua viatu na kuacha simu, maana tangu 2018 simu haziruhusiwi ndani. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga inatosha kabisa. Minara iko 14, imejaa sanamu za rangi kuanzia chini hadi juu, na ule wa kusini unapanda kama mita 52. Ukumbi wa Nguzo Elfu una nguzo 985 za kuchongwa. Upitie upesi, kisha ukae kwenye ngazi za bwawa la yungiyungi la dhahabu. Watamil, wenyeji wa huko, husimulia kwamba zamani mashairi yalijaribiwa humo: lililo bora linaelea, lililo bovu linazama. Mtu wa pwani atalielewa bwawa hilo haraka sana.

Sasa jambo linalowaudhi wengi: asiye Mhindu haruhusiwi kufika patakatifu penye sanamu ya Meenakshi. Mimi sikuudhika. Wapo Wahindu wenyewe, wa tabaka zilizotengwa, waliozuiwa hata kuvuka lango hadi tarehe 8 Julai 1939, A. Vaidyanatha Iyer, mwanasheria na mfuasi wa Gandhi, alipoingia pamoja nao. Gandhi naye alikataa kukanyaga humo wakiwa bado nje, alikuja 1946. Nikiwaona leo wajukuu wa watu hao wakipanga foleni na watoto mgongoni, kusimama kwangu pembeni naona ni jambo dogo.

Tena usiku huhitaji kuingia patakatifu. Mnamo saa tatu, nyayo za Sundareswarar, yaani mungu Shiva, mume wa Meenakshi, hutolewa kwa machela ya fedha na kupelekwa chumbani kwa mkewe walale. Ngoma na zumari zinatangulia, ubani unajaa ukumbini, makuhani wanapepea. Machela inapita karibu nawe kabisa. Hapa wanaanza kwa mke: mahujaji humsalimu Meenakshi kwanza, ndipo waende kwa mume, na usiku mume ndiye anayemfuata.

Mama alipofunguliwa bandeji tulikwenda wote. Nje ya lango alinunua asmini, ambayo Madurai inasifika kwayo. Muuzaji aliupima uzi wa maua kwa mkono, kiwiko hadi ncha ya kidole, akakata, mama akajifunga nyweleni pale pale. Hawakuwa na lugha moja, ila bei walielewana.

Ukifuata sherehe ya harusi ya Meenakshi, kati ya Aprili na Mei, tafuta chumba mapema sana, kwani mji hufurika. Ukiwa na mgonjwa, chagua mwezi mwingine.